Besi Ifike Ukumbini: Vifaa na Kazi ya Mpiga Besi wa Bendi

Mpiga besi anayeanza kupata kazi za bendi huwaza amplifaya kubwa kabla ya kitu kingine chochote. Akishika fedha ya kwanza ya maana anataka kasha la spika linalomfika kifuani. Mimi nashauri aanzie kwingine. Katika kumbi zetu nyingi, besi anayoisikia mcheza dansi haitoki kwenye amplifaya ya mpigaji. Inatoka kwenye mitambo ya ukumbi au ya kukodi, ambayo mpigaji hakuichagua na pengine anaiona jioni hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo fedha za mwanzo ziende kwenye vitu vinavyoifikisha sauti yako salama hadi kwenye mikisa: nyuzi nzima, waya wa kuaminika, tyuna na kisanduku cha DI, nitakachokieleza mbele. Amplifaya isubiri.

Zamani mambo haya hayakumhusu sana mpigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, ya mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya shirika la DDC la Dar es Salaam. Bendi za namna hiyo zilikuwa na vyombo vyake, na mwanamuziki aliyehama aliviacha. Mpiga besi wa leo anapiga hotelini Ijumaa, harusini Jumamosi na kanisani Jumapili, na kila anakokwenda anakuta mitambo mingine na fundi mwingine. Asipobeba vya kwake, usiku wake uko mikononi mwa watu asiowajua.

Tuanze na gitaa lenyewe, ambalo wengi wetu tunalinunua limeshatumika. Usidanganywe na rangi wala jina lililoandikwa kichwani. Libebe kwa mkanda dakika kumi ukiwa umesimama, maana gitaa la besi huwa na kilo 4 hivi na wewe utalivaa hadi saa 8 usiku; kama kichwa chake kinazama mkono wako ukiliachia, bega la kushoto litakulipisha. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame katikati ya shingo. Panatakiwa pawe na upenyo mdogo sana kati ya uzi na freti. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Usipokuwepo kabisa, imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma. Kupinda kidogo kunarekebishwa kwa chuma kilichomo ndani ya shingo, robo mzunguko kwa mara moja, kisha unaliacha gitaa litulie kabla ya kuongeza. Kama nati ya chuma hicho imekwama au imelika, mrudishie muuzaji gitaa lake.

Linganisha pia noti ya freti ya 12 na ile ya uzi wazi. Ni noti ileile, oktava moja juu. Zikipishana kidogo, sogeza vishikilia nyuzi vilivyo chini kwenye daraja. Zikipishana sana hata baada ya hapo, shingo au freti zina kasoro. Mwisho chomeka waya, uutikise kwenye tundu la jeki, na uzungushe volyumu na toni. Mikwaruzo ya hapo kwa kawaida ni uchafu au kiunganishi kilicholegea na matengenezo yake ni madogo, ila ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke.

Nyuzi za pwani zina adui watatu: jasho, unyevu na chumvi ya bahari. Ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi, maana uchafu unaouua mlio hukaa chini, kati ya uzi na freti. Seti mpya ya besi ina bei, na ndiyo maana wapigaji wengi duniani huzichemsha nyuzi zilizochoka kwa dakika kama kumi. Mafuta na uchafu hutoka, mng'ao wa sauti hurudi kwa muda. Zikaushe kabisa kabla ya kuzirudisha, vinginevyo umezipa kutu kwa mkono wako. Anayependa mlio mzito usio na mng'ao anaweza kutafuta nyuzi bapa, za aina aliyotumia mpiga besi James Jamerson wa kampuni ya rekodi ya Motown, mtu aliyesifika kwa kutopenda kubadilisha nyuzi.

Sasa suala la sauti, ambapo naona wapigaji wazuri wakijinyima haki yao. Uzi mnene wa besi, ule wa E, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. A ni 55, D ni 73, G ni 98. Spika ndogo haziwezi kutoa mitetemo 41 ipasavyo, na hata spika nyingi za harusi hazifiki huko kwa nguvu. Tunachosikia na kukitambua kama noti ile ni mitetemo yake ya juu, ile ya 82, 123, 164 na kuendelea. Sikio linakamilisha kilichobaki. Hivyo mpigaji anayefungua besi yote kwenye amplifaya na kufunga sauti za kati hujisikia mkubwa akiwa peke yake, halafu anapotea bendi ikianza. Solo, rithimu na kinanda vimejaa, yeye amebaki mtikisiko tu usio na noti. Fungua sauti za kati. Peke yako itakuudhi kidogo, ndani ya bendi itakaa mahali pake.

Sikiliza besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Isikilize kwenye redio ndogo kabisa uliyo nayo. Unaifuata noti kwa noti, kwa sababu ina sauti za kati na kwa sababu Malanga anaacha nafasi: anasema, ananyamaza, anasema tena. Ukimya ule ni sehemu ya kazi ya besi, na haugharimu chochote dukani.

Kutoka kwenye gitaa hadi kwenye mikisa, njia ina hatari zake. Gitaa la kawaida lisilotumia betri hutoa mkondo dhaifu, na waya ukizidi mita 6 hivi, mng'ao unaanza kupungua huku waya ukinasa mivumo ya taa na friji za baa. DI huugeuza mkondo huo uweze kusafiri mita 30 na zaidi katika waya wa pini 3 kama wa maiki bila kuchafuka. Zipo za aina mbili. Moja haina haja ya umeme. Nyingine hutaka betri au volti 48 kutoka kwenye mikisa, na hiyo ndiyo inayolifaa zaidi gitaa lisilo na betri. Kwenye kisanduku kuna swichi ya kukata ethi ya sauti. Mvumo ukianza, ibonyeze kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu ipo tabia ya kuua. Mvumo ukisikika, mtu anang'oa au kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, mvumo unaisha, naye anaonekana fundi. Kumbuka kwamba nyuzi zako zimeunganishwa na ethi ya amplifaya kupitia daraja la gitaa. Amplifaya ikivuja umeme na ethi haipo, nyuzi zina umeme. Ukigusa maiki kwa midomo wakati vidole viko kwenye nyuzi, wewe ndiwe unayekamilisha njia. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi salama. Swichi ya DI haigusi ethi ya umeme wa ukutani, ndiyo maana ni salama. Pini ya plagi iache ilivyo. Na vifaa vyote vya jukwaani vichomekwe, inapowezekana, kwenye soketi za chanzo kimoja, maana mivumo mingi huzaliwa pale amplifaya inapotumia umeme wa upande huu na mikisa wa upande ule.

Umeme wa volti 230 au 240 haufiki hivyo kila usiku. Ununue mita ya kupimia, upime soketi kabla ya kuwasha chochote, hasa panapotumika jenereta. Jenereta ikiwashwa au kuzimwa katikati ya wimbo, volti huruka. Amplifaya iwe imezimwa wakati wa kubadilisha, au ipitie kwenye stebilaiza.

Waya unaokatakata sauti usiutupe. Fungua jeki yake. Ndani kuna waya wa katikati uliovishwa plastiki, unaokwenda kwenye ncha, na wavu wa nyuzi za shaba unaokwenda kwenye shina. Tatizo mara nyingi liko pale waya unapoingia kwenye jeki, kwa kuwa ndipo unapopindwa kila siku. Kata sentimita 3 za mwisho, chuna upya, sokota wavu uwe uzi mmoja. Ipake lehemu kila ncha peke yake kwanza, ndipo uiunganishe na jeki. Angalia kwa makini: unywele mmoja wa wavu ukigusa waya wa katikati, sauti haitoki kabisa. Kibanio cha nyuma kishike ganda la nje la waya, kisikae juu ya shaba. Ukiwa jukwaani pitisha waya ndani ya mkanda wa gitaa kabla ya kuchomeka, ili mtu akiukanyaga asing'oe jeki.

Gitaa lenye betri ya volti 9 hula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata usipopiga. Dalili ya betri kuchoka ni noti za nguvu kuanza kupasuka. Weka mpya kabla ya shughuli kubwa, ile iliyotumika ibaki ya mazoezi.

Ukifika wakati wa kununua amplifaya, soma omu kabla ya wati. Makasha mawili ya omu 8 yakiunganishwa pamoja kwa njia ya kawaida huwa omu 4. Ukiongeza la tatu unashuka chini ya 3, na amplifaya iliyoandikwa kikomo cha omu 4 inaweza kuungua. Kati ya amplifaya na kasha utumike waya wa spika, ulio mnene, si waya wa gitaa. Wati nazo zisikutishe: kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Amplifaya ya Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilikuwa ya wati 300 na kichwa chake pekee, bila kasha la spika, kilitaka wanaume wawili. Leo wati hizo zinapatikana katika kisanduku cha kilo chache kinachoingia mfukoni mwa begi la gitaa.

Ukumbi wenyewe ni kifaa. Wimbi la noti ya E wazi lina urefu wa mita 8 na zaidi, kwa hiyo ndani ya chumba cha vigae na bati sehemu moja inavuma na hatua tatu mbele noti haipo. Ukisogeza kasha kwenye kona besi inaongezeka, ukiliweka mbali na ukuta inapungua. Katika baa ya wazi hakuna ukuta wa kukusaidia, na ndipo unapomtegemea fundi mitambo kabisa. Wakati wa kujaribu sauti, shuka ukumbini na waya mrefu, upige palepale watakapocheza watu. Mwombe fundi akusikilizishe besi na dramu ya mguu pamoja, hizo mbili tu, hadi kila moja isikike bila kuifunika nyingine. Dakika 5 za hapo zina faida kuliko saa nzima ya kuongeza volyumu usiku.

Jambo lingine la kuzungumza mapema ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Wengi wamezoea kupiga peke yao na hujaza besi bila kujua, kisha noti zenu mbili zinagongana huku chini na ukumbi wote unakuwa tope. Ongea naye kwa heshima kwenye mazoezi, mkubaliane nyimbo zipi anaacha na zipi anashika yeye. Ukimwambia jukwaani mbele ya watu, mtagombana.

Masikio nayo yana kikomo. Miongozo ya afya ya kazini ya Marekani, ya NIOSH, inaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unapungua kwa nusu. Desibeli 100, kiwango cha kawaida kando ya sahani za dramu, ni dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, na usisimame sikio likielekea sahani.

Mwisho ni usafiri, na huu uingie kwenye makubaliano kabla ya kupokea kazi. Kamati ya harusi ikikutajia malipo, uliza: mitambo ipo au ya kukodi, DI na monita vipo, nani anasafirisha vyombo, na shughuli ikivuka muda kwa sababu ya ratiba ya MC saa za ziada zinalipwaje. Iandike kwenye ujumbe wa simu, wakujibu kwa maandishi. Kama unapanda bodaboda, gitaa liwe kwenye begi lenye sponji nene, mgongoni, shingo ikielekea juu. Nyuzi usizilegeze zote, maana shingo imezoea mvuto wake. Daladala ikijaa, likumbatie limesimama, usiliweke chini ya kiti.