SOMO: MATUNDA NA MBOGA ZA MWITU KATIKA MASHAMBA YETU

Ndugu Wanachama,

Somo letu la safari hii si la karafuu yenyewe, bali ni la vile viotavyo kando yake na chini yake. Msimu wa kuchuma ukifika, watu wa nyumba nzima huhamia shamba tangu alfajiri, na watoto huwafuata. Mchana huliwa muhogo au wali mkavu, hali mboga zimejaa miguuni petu, nasi twazipiga jembe tukiziita magugu. Watoto nao huzurura vichakani wakila kila tunda walionalo. Kwa hivyo yatupasa tujue kipi ni chakula na kipi ni sumu.

Tuanze na matunda. Yafaa kujua ya kuwa wataalamu wa mimea wameuweka mkarafuu katika ukoo mmoja na mzambarau na mtofaa. Na mpera pia ni jamaa yao, ingawa wa mbali zaidi. Sisi huuchuma mkarafuu ua lake kabla halijafunguka. Lakini likiachwa juu ya mti likafunguka, huzaa tunda la rangi kama ya zambarau, na humo ndimo inamotoka mbegu ya kuotesha miche. Mbegu hiyo haiwekeki. Ikikauka hufa upesi, basi yataka kupandwa ingali mbichi.

Zambarau huchumwa zikisha kuwa nyeusi kabisa. Zikiwa bado nyekundu hukwata ulimi, na ndiyo maana watoto huzitia chumvi na kuzitikisa chomboni. Fuu nazo ni nyeusi na tamu, huokotwa chini ya mti wake. Mabungo hutoka katika mtambaa upandao juu ya miti mikubwa, nayo huchumwa yakisha kugeuka rangi ya manjano. Maji yake yakichanganywa na sukari ni kinywaji kisicho mfano siku ya joto.

Ama mboga, ya kwanza ni mchunga. Huu hutambulikana kwa utomvu wake mweupe na ua lake la manjano. Ni mchungu, lakini majani yake machanga yakichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakapikwa kwa tui la nazi, uchungu hupungua. Ya pili ni mnavu, ambao majani yake hupikwa. Tunda lake bichi, la kijani, lina sumu wala halifai kuliwa. Ya tatu ni mchicha wa mwitu, hata ule wenye miba, mradi yachumwe majani machanga tu. Mboga hizi za kijani zina madini ya chuma yanayosaidia kuongeza damu, na zikikamuliwa ndimu wakati wa kula, mwili huyapokea madini hayo vizuri zaidi. Chai nayo huzuia kazi hiyo, basi ni bora inywewe baadaye, si pamoja na chakula.

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa nawaomba wazazi wasome mara mbili. Iko mimea mitatu ambayo kila mtoto aendaye shamba aonyeshwe kwa kidole. Wa kwanza ni mbono uliopandwa kuwa ua wa mipaka. Mbegu zake zina ladha nzuri kama ya njugu, na kwa sababu hiyo watoto huzila, kisha hutapika na kuharisha vibaya. Wa pili ni mturituri, mtambaa wenye mbegu nyekundu zinazong'aa, kila moja na doa jeusi. Mbegu hizo hupendeza hata watu huzitunga shanga, lakini ikitafunwa au ikitobolewa, sumu yake yaweza kuua. Wa tatu ni mnanaha, wenye ua refu mfano wa tarumbeta na tunda la miba. Aulaye hupotewa na akili, akaona visivyokuwapo, na yaweza kumwondolea uhai.

Mtoto akila kimoja katika hivi, msimtapishe kwa nguvu, wala msingoje mpaka alalamike. Mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue tawi au mbegu ya kile alichokula ili daktari akione. Kanuni ya watoto iwe moja: tunda asilolijua halili mpaka amwulize mtu mzima.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenye mashamba. Siku hizi wako wanaopiga dawa ya kuua magugu chini ya mikarafuu ili wachumaji wapate kupita kwa urahisi. Dawa haionekani kwa macho. Huenda jani likakaa kijani siku kadhaa baada ya kupigwa, na jirani akaja na kikapu akachuma mchunga wa kuwapikia wanawe, kama ilivyo desturi yetu tangu zamani kwamba mboga ya mwitu hainyimwi mtu. Basi apigaye dawa na aweke alama njiani, awaarifu majirani na wachumaji wake kwa mdomo, na afuate siku za kungoja zilizoandikwa katika chupa. Bora zaidi ni kufyeka kwa panga au kupalia kwa jembe, na kabla ya kupalia kuwaita wanaotaka mboga wachume. Na mchumaji naye aulize kabla ya kuingia. Kuuliza si kuomba sadaka, ni kulinda nyumba yake.

Mwanachama anayezijua mboga nyingine zinazoliwa katika mtaa wake na alete majina yake pamoja na tawi lake katika mkutano wetu ujao, ili wazee wazitazame na sote tujifunze.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama