Mkono wa Ishara

Katika Uingereza wako watu, wakubwa kwa wadogo, washindao kutwa kando ya reli, daftari na kamera mkononi, wakiandika namba za injini na kuzipiga picha. Wengi huenda Severn Valley, njia ya maili 16 baina ya Bridgnorth na Kidderminster, ambako injini za mvuke zingali zikivuta mabehewa.

Mgeni hungojea injini tu, kwa ajili ya moshi na mlio wake. Mzoefu hutazama kwanza mlingoti wa ishara. Mkono wake mwekundu ukinyoka, maana yake “Simama”, ukiinama, “Pita.” Mtunza ishara huuinamisha kwa waya mrefu, naye yu kibandani mwake. Je, waya ukikatika? Uzito wa chuma huurudisha mkono penye “Simama.”

Lakini uzito nao huweza kushindwa. Januari 1876, huko Abbots Ripton, theluji iliganda juu ya ishara, mikono ikabaki imeinama. Dereva wa gari la mbio akaona “Pita,” akaligonga gari la makaa lililokuwa mbele yake. Kisha gari la tatu likaja, likayagonga mabaki. Watu zaidi ya kumi wakafa. Siku zile mikono ilikaa penye “Pita” mpaka pawe na hatari. Baada ya msiba huo ikawa kanuni ikae penye “Simama,” iinamishwe gari likaribiapo.

Basi utazamapo picha ya injini, utafute na mkono. Ukiwa ungali umeinama, kwa kawaida behewa la mwisho halijapita.