TV imekufa na mfuko ni mdogo: piga hesabu hii kabla ya kulipa

Wiki hii tuko sebuleni. Stima imerudi kwa kishindo, TV ikalia "pah!" na tangu hapo ni kimya. Watoto wanauliza, jirani ana mpira leo usiku, na kwenye simu kuna shilingi elfu tatu tu.

Hapo ndipo wengi wetu huharakisha. Tunaona bango la "lipa pole pole", tunatuma deposti, na TV inaingia nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna ubaya kuwa na TV. Tunachotaka ujue ni bei utakayokuwa umelipa siku ya mwisho, na kama utaweza kulipa mwezi wa tano sawa na unavyoweza mwezi wa kumi na mbili.

Kwanza, imekufa kweli?

Kama sauti inatoka na picha hakuna, zima taa za chumba, washa tochi ya simu na umulike kioo kwa karibu. Ukiona picha kwa mbali, kama kivuli, kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo. Fundi anaweza kuzibadilisha. Kama haiwaki kabisa, huenda ni sehemu ya umeme tu iliyoungua, na hiyo pia hutengenezeka. Lakini kioo kikipasuka, usipoteze pesa: bei ya kioo kipya mara nyingi hukaribia bei ya TV mpya.

Muulize fundi bei yote kabla hajafungua, kazi na vipuri pamoja. Ikizidi nusu ya bei ya TV mpya ya ukubwa huo, sisi tungenunua mpya.

Nunua unachotumia

Kwa sebule ya kawaida, mtu akikaa mita moja na nusu au mbili kutoka ukutani, inchi 32 inatosha. Inchi 43 ni nzuri, ila unalipia ukubwa ambao chumba hakiuhitaji.

Uliza kama ina dikoda ndani ya aina ya DVB-T2. Mitambo ya analojia ilizimwa Kenya mwaka 2015, na DVB-T2 ndiyo inayoshika matangazo ya dijitali hapa kwetu. Ukiwa nayo na antena nzuri, unapata chaneli za bure bila kununua dikoda nyingine. Angalia sana TV za mtumba kutoka Uingereza: nyingi za zamani zinashika mfumo wa kule tu, na utalazimika kuongeza dikoda.

TV ya smati inavutia, lakini inakula bando. Saa moja ya video safi inaweza kumaliza gigabaiti mbili au zaidi. Kama nyumbani huna intaneti ya mwezi, utakuwa umelipia kitu kisichotumika.

Na stima je? TV ya watt 50 ikiwashwa saa tano kwa siku inatumia kama yuniti 7.5 kwa mwezi. Ile ya kichogo ya zamani, ya watt 100, inatumia mara mbili. Kwa hiyo ukipewa ya kichogo bure, ujue utailipia kwenye tokeni.

Mwisho, tenga pesa ya kifaa cha kulinda TV stima ikipanda na kushuka. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, usiiweke TV mbele ya dirisha la upepo. Hewa ya chumvi inakula vyuma vya ndani polepole.

Sasa hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Mama anauza mahamri na mbaazi Kisumu Ndogo, Malindi, na mumewe ni mvuvi. TV wanayoitaka ni shilingi 14,000 pesa taslimu. Kwa lipa pole pole, duka linataka deposti ya 3,000, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 300.

Sitini kwa siku inaonekana ndogo, ni kama bei ya mahamri machache. Lakini 60 mara 300 ni 18,000. Ongeza deposti, jumla ni 21,000. Yaani wamelipa 7,000 zaidi, nusu ya bei ya TV nyingine.

Hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kalenda, na hii ndiyo inayoumiza watu wa pwani.

Tuseme wamechukua TV tarehe 1 Desemba. Wageni wamejaa Watamu na Malindi, kaskazi inavuma, bahari imetulia, samaki wanauzika. Sitini si kitu. Lakini siku 300 zinafika mwisho wa Septemba. Katikati kuna kusi na mvua za masika: bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, hoteli kadhaa zinafunga na vibarua wanarudishwa nyumbani. Mahamri nayo hayaendi kama zamani, kwa sababu wanunuzi ni hao hao wavuvi na wafanyakazi wa hoteli. Deni halijui kusi. Baadhi ya TV hizi huzimwa kwa mbali ukichelewa, na kuna mikataba inayoruhusu duka kuichukua. Utakuwa umelipa miezi sita na ukuta uko mtupu.

Njia nyingine kwa pesa ile ile

Familia hiyo hiyo ina 3,000 mkononi. Inabaki 11,000. Wakiweka shilingi 100 kila siku kuanzia 1 Desemba, wakati pesa ipo, siku ya 110 ni tarehe 20 Machi. Wananunua taslimu kabla ya masika, hawana deni, na 7,000 zimebaki zao.

Weka akiba hiyo kwenye akaunti ya simu unayoweza kuifunga hadi tarehe uliyochagua, au kwenye chama mnachoaminiana. Ikikaa kwenye salio la kawaida, itaondoka na nauli na unga.

Tunajua miezi minne bila TV ni mirefu. Na si kila mkopo ni mbaya. Mwenye kinyozi au kibanda cha mpira, ambaye TV inamletea wateja, anaweza kulipa pole pole na bado akapata faida. Mwenye mshahara usiobadilika na msimu pia ana nafuu. Kama kipato chako kinapanda na kushuka na bahari, muulize muuzaji kwanza: nikikosa kulipa wiki mbili mwezi wa tano, nini kitatokea? Jibu liwe kwenye karatasi.

Siku ya kulipa

1. TV iwashwe dukani, uone picha na usikie sauti. Kisha ndipo ulipe.
2. Lipa kwa Till au Paybill ya duka, sio kwa nambari ya mtu. Soma jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo. Kama si la duka, simama hapo hapo.
3. Muuzaji wa mtandaoni akitaka deposti "nikuwekee, zinaisha", usitume. Lipa mzigo ukiwa mbele yako.
4. Chukua risiti yenye nambari ya TV na muda wa waranti. Usifute ujumbe wa malipo.
5. PIN yako usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.

Ukikosea nambari, omba kurudishiwa pesa mara moja. Usingoje kesho. Lakini tukuambie ukweli: tapeli akishatoa pesa kwa wakala, mara nyingi hakuna kilichobaki cha kurudisha. Ndiyo maana tunasisitiza hatua ya pili na ya tatu.

Kazi ya leo ni ndogo. Chukua bango lolote la lipa pole pole ulilonalo, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza deposti. Kisha fungua kalenda uone siku ya mwisho inaangukia kaskazi au kusi. Ukishapata majibu hayo mawili, amua.