Umepewa bei ya ekzosi? Usitoe hela kwanza

Kama una Kirikuu ya kupelekea wateja mizigo, hii inakuhusu. Imeanza kunguruma, unaipeleka gereji hapa Buguruni, unaambiwa "badilisha ekzosi yote". Huo ni mtaji wako unaongelewa, mdau. Uliza: imetoboka wapi? Injini ikishapoa, fundi akuoneshe. Panapovuja mara nyingi pana masizi meusi. Tundu dogo kwenye bomba ambalo bado gumu linachomelewa tu. Likishaliwa na kutu kila mahali, badilisha, kiraka hakitashika. Bei ya spea itajwe peke yake na ufundi peke yake, halafu spea kaulizie mwenyewe Gerezani.

Ila mimi naogopa zaidi bei ya chee kupita kiasi. Ekzosi za gari nyingi zina masega, kile kifaa cha kusafisha moshi. Ndani yake kuna madini ya platinamu na paladiamu, kwa hiyo hata likiwa bovu lina soko. Fundi akisema "nakutolea bure", ujue keshajilipa. Dai lako mkononi.

Na usiache wiki ipite. Moshi ukivujia ndani ya gari unakuja na kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Fungua vioo mpaka ufike gereji.