Dondoo muhimu: Kisahani cha kusogelea kapu katika gofu ya visahani, Diani

Anza na tarakimu nne za mtengenezaji: kasi, kuelea, kugeuka na kukunja mwishoni. Kwa mrusho laini wa kusogelea kapu, tafuta kasi ya 2 au 3 na kuelea 4. Kisahani kama Judge (2/4/0/1) hupendeza asubuhi, bahari ikiwa shwari.

Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, mambo ni mengine kabisa, Diani hadi Msambweni. Upepo wa mbele hukiinua kisahani chepesi na kukipindua. Beba kizito, karibu gramu 175, kisichoelea sana, kama Berg (1/1/0/2). Upepo wa mgongoni hukiangusha mapema, kwa hiyo rudi kwenye kinachoelea.

Plastiki laini hushikika vizuri, ila usiiache juani: hulegea. Pangusa mchanga ukingoni kabla ya kila mrusho.