SOMO: Kupima kumbukumbu bila kumwonea mtu

Katika toleo hili tunajifunza jinsi wataalamu wanavyopima fikra, kumbukumbu na utambuzi wa mtu. Huenda ukadhani jambo hili linawahusu madaktari wa mijini tu. Lakini wahudumu wa afya, viongozi wa vikundi na kila anayemtunza mzee nyumbani wanaweza kunufaika nalo. Tuanze na watu wawili tunaowafahamu.

Bibi mmoja, mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alipelekwa hospitali na mwanawe kwa sababu alikuwa akijibu yasiyoulizwa na kurudia maswali. Kijana aliyempima alimpa kalamu na karatasi, akamtaka anakili mchoro. Kisha aandike sentensi. Kisha atoe 7 kwenye 100, na kuendelea kutoa 7 kila mara. Bibi hakuwahi kuketi darasani hata siku moja. Alipata alama 11 kati ya 30, na mwanawe akaambiwa kwamba mama ana dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kabla mwezi haujaisha, ndugu walikuwa wamekaa kikao cha kugawana shamba lake.

Mzee wa pili ni mwalimu mstaafu. Mkewe alieleza kwamba mzee alikuwa analipa deni lilelile mara mbili, na mara moja alipotea akitoka sokoni. Alipopimwa kwa kipimo kilekile alipata alama 27. Wakaambiwa waende nyumbani, hakuna shida, ni uzee tu.

Watu wote wawili walipimwa vibaya. Yule wa kwanza alihukumiwa kwa kukosa shule, na yule wa pili alifichwa na shule yake. Tuangalie kwa nini.

Wanapima nini hasa?

Wanasaikolojia wa ubongo huchunguza jinsi ubongo unavyofanya kazi kwa kuangalia mtu anavyotenda. Picha ya kichwa inaweza kuonyesha jeraha au uvimbe, lakini haielezi kama mtu ataweza kupika, kuhesabu chenji au kurudi nyumbani salama. Kwa hiyo wao hupima maeneo mbalimbali, moja baada ya jingine:

• Umakini: mtu husikia tarakimu chache na kuzirudia, kwanza kwa mpangilio uleule, kisha kinyumenyume.

• Kumbukumbu: husomewa orodha ya maneno, hufanya jambo jingine kwa dakika kadhaa, kisha huulizwa anayakumbuka mangapi. Akishindwa, hutajiwa maneno mengi achague yale aliyoyasikia. Anayeyatambua aliyaweka akilini, ila alishindwa kuyatoa. Asiyeyatambua kabisa huenda hayakuingia. Tofauti hiyo humsaidia mtaalamu kujua aina ya ugonjwa.

• Lugha: kutaja majina ya vitu, kuelewa maagizo, kurudia sentensi. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza maneno huku akili yake ikiwa timamu.

• Utambuzi wa kuona na wa nafasi: kupanga maumbo, kutambua vitu, kutafuta alama fulani kwenye ukurasa. Baadhi ya watu waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo hawaoni umuhimu wa chochote kilicho kushoto. Hula ugali wa upande mmoja wa sahani na kulalamika kwamba chakula ni kidogo. Macho yao ni mazima. Ubongo ndio hauupi upande ule nafasi.

• Kupanga na kujizuia: kufuata hatua za kazi, kubadili njia inaposhindikana.

Hata hivyo, alama peke yake haisemi kitu. Alama hupata maana inapolinganishwa na ya watu wa umri, lugha na elimu kama ya mgonjwa. Ukimlinganisha bibi wa kijijini na wasomi wa nchi ya mbali, umelinganisha maisha yao. Hujalinganisha ubongo wao.

Somo kutoka Uzbekistan

Tatizo hili si jipya. Mwaka 1931 na 1932, Alexander Luria, mmoja wa waanzilishi wa taaluma hii, alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima wasiojua kusoma. Aliwaonyesha picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza ni kipi hakifanani na vingine. Msomi angesema gogo, kwa kuwa vingine ni zana. Wakulima wengi walikataa kuondoa chochote. Msumeno na shoka bila gogo vitafanya kazi gani?

Je, walikosea? Kwa kipimo cha darasani, ndiyo. Kwa mtu anayetafuta kuni kabla ya baridi, jibu lao lina akili kamili. Shule hutufundisha kupanga vitu kwa makundi hata pale ambapo hatuna haja navyo. Huo ni ujuzi unaofundishwa, na asiyefundishwa si mgonjwa.

Robert Serpell alionyesha jambo kama hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979. Watoto wa Zambia na wa Uingereza walipewa kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengeneza vigari vya kuchezea, wa Zambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Mtafiti ambaye angetumia kalamu peke yake angeondoka na jibu la uongo.

Mambo yanayopotosha kipimo

1. Kalamu na shule. Kipimo alichopewa yule bibi kinaitwa Mini-Mental. Kilichapishwa Marekani mwaka 1975 na kina alama 30. Ndani yake mna kusoma, kuandika na kuchora. Asiyejua kusoma hupoteza alama hizo kabla ubongo wake haujaguswa. Kipimo kingine, kilichochapishwa Kanada mwaka 2005, humwongezea alama 1 mtu mwenye miaka 12 ya shule au pungufu. Ni jambo jema, lakini alama moja haiwezi kuziba pengo la mtu ambaye hakusoma kabisa.

2. Tafsiri. Katika kipimo hicho cha Kanada, mgonjwa huombwa kuchora saa inayoonyesha dakika kumi baada ya mshale mfupi kupita 11. Sisi tunaiita saa tano na dakika kumi. Mfasiri asiyefikiri akisema "saa kumi na moja na dakika kumi", mgonjwa mwenye akili timamu atauweka mshale mfupi kwenye 5, na mpimaji ataandika kwamba ameshindwa. Vivyo hivyo tarakimu. Kwa Kiingereza karibu kila tarakimu kuanzia 1 hadi 9 ina silabi moja, lakini kwa Kiswahili hakuna yenye pungufu ya silabi mbili. Kurudia tarakimu saba kwa Kiswahili ni mzigo mrefu zaidi kwa ulimi na kwa kumbukumbu.

3. Mambo mageni. Mini-Mental humwuliza mgonjwa yuko ghorofa ya ngapi. Katika zahanati isiyo na ghorofa, swali hilo humchanganya hata mzima. Humwuliza pia ni majira gani ya mwaka, likitegemea majira manne ya nchi za baridi. Sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na mvua zenyewe siku hizi hazishiki ratiba.

4. Macho, masikio na moyo. Mtoto wa jicho, nta masikioni, njaa, maumivu na usingizi mbaya hushusha alama. Sonona nayo hufanya hivyo, hasa kwa aliyefiwa. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, mara nyingi ana maambukizi au tatizo jingine la mwili. Huyo apelekwe hospitali haraka, asisubiri kipimo cha kumbukumbu.

5. Heshima. Mzee anayeulizwa na kijana, bila hata shikamoo, "Leo ni siku gani?" anaweza kuona anadharauliwa na kunyamaza. Kunyamaza huko huandikwa sifuri. Na mtoto anayemtafsiria mama yake mara nyingi humsaidia jibu kwa upendo, au humjibia kabisa.

Kipimo kilichoandaliwa Hai

Habari njema ni kwamba vipimo vinavyowafaa watu wetu vipo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikadiria kwamba asilimia 6.4 kati yao walikuwa na dimensia. Kutokana na kazi hiyo kikaandaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichochapishwa mwaka 2014. Kina alama 15 na hakihitaji kusoma wala kuandika.

Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Huulizwa kiongozi wa mahali anapoishi ni nani, na leo ni siku gani ya juma. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hujifunza maneno kumi na kuyakumbuka baadaye. Na badala ya kuchora, hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Ubongo unaopanga njiti ndio unaochora. Tofauti ni kwamba kiberiti kimo katika kila jiko.

Nchini Uganda, kipimo kifupi cha watu wanaoishi na VVU kilijaribiwa na kuchapishwa mwaka 2005. Mtu hugonganisha kidole gumba na cha shahada haraka, hufuata mfululizo wa ngumi, kiganja na ubavu wa mkono, na hukumbuka maneno manne. Mfululizo huo wa mkono ulitoka kwa Luria. Hakuna kalamu hapo.

Tukumbuke kwamba vipimo vifupi kama hivi ni chujio tu. Huonyesha nani achunguzwe zaidi. Havitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Tufanye nini?

Mmeona kwamba kipimo bora hakianzi na maswali. Kinaanza na historia. Tunapomsindikiza mzee kupimwa, twende na mambo haya:

• Tueleze amesoma hadi wapi, lugha ya nyumbani ni ipi na alifanya kazi gani.

• Tumlinganishe na yeye mwenyewe. Mwaka jana alikuwa akifanya nini ambacho leo hawezi? Tutoe mifano: chenji, dawa, njia, mapishi, majina ya wajukuu.

• Tuseme mabadiliko yalianza lini, polepole au ghafla, na kama alianguka au alibadilishiwa dawa.

• Tuombe masikio na macho yachunguzwe kwanza, na damu ipimwe. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo, kaswende na VVU vinaweza kuvuruga akili, na vyote vina tiba au dawa za kuvidhibiti.

• Tuombe mfasiri asiye wa familia inapowezekana.

• Tusifanye uamuzi wowote kuhusu mali kwa kipimo cha siku moja.

Wale wawili wako wapi?

Bibi alirudishwa kupimwa, safari hii na muuguzi mtu mzima aliyemwamkia kwa lugha ya kwao na kuketi naye kabla ya kuuliza lolote. Masikio yake yalikutwa yamejaa nta. Yaliposafishwa, maswali yasiyojibiwa yakapungua. Muuguzi aligundua pia kwamba tangu amzike mumewe, bibi alikuwa halali. Kisha akamwuliza kuhusu kikundi chake cha kuweka na kukopa. Bibi akataja kwa kichwa kila mwanachama, deni lake na siku ya kurejesha, na daftari la katibu likamthibitisha. Ndugu walirudisha maneno yao. Shamba bado ni lake.

Mwalimu naye alichunguzwa upya kwa vipimo virefu, na mkewe akasikilizwa. Ilithibitika kwamba ana dimensia. Haina tiba ya kuiondoa, na hatutawadanganya wasomaji wetu. Lakini kwa kuwa ilijulikana mapema, mzee aliweka mambo yake sawa akiwa bado anaweza kusema anachotaka, na mkewe hauambiwi tena kuwa ni uzee tu.

Kwa majadiliano ya kikundi

1. Katika eneo letu, mzee akianza kusahau watu husema nini juu yake? Je, maneno hayo yanamsaidia au yanamhatarisha?

2. Ni kazi gani za kila siku ambazo zingetuonyesha mapema kwamba kumbukumbu ya mtu inapungua?

3. Nani kati yetu anaweza kumsindikiza mzee kupimwa, na anapaswa kujua nini kabla ya kuondoka nyumbani?