Ndama Akiacha Kunyonya

Mara nyingi ugonjwa wa ndama huonekana alfajiri wakati wa kukamua. Ndama anafunguliwa ili ng'ombe ashushe maziwa, lakini anagusa chuchu kisha anasimama tu, masikio yamelegea. Hapa Misungwi, hasa mvua zikianza na kupe wakiongezeka, kwanza fikiria ndigana kali. Ugonjwa huu haungoji kesho.

Mshike palepale. Kipimajoto kiingizwe njia ya haja kubwa kwa dakika 2. Ndama mzima huwa na nyuzi 38.5 hadi 39.5, zikifika 40 ana homa. Kisha papasa tezi chini ya sikio, mbele ya bega na mbele ya goti la nyuma. Ya sikioni kwa kawaida huvimba kwanza, kwa kuwa kupe wa kahawia hupenda kujishika humo. Lakini sikio lisilo na kupe lisikudanganye: ugonjwa hujitokeza wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa, na kupe anaweza kuwa ameshaanguka.

Ukikuta homa na tezi zimevimba, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Dawa yake ni buparvakwoni, sindano ya msuli wa shingo. Ile yenye miligramu 50 kwa kila mililita hupigwa mililita 1 kwa kilo 20 za uzito, hivyo ndama wa kilo 60 hupata mililita 3, na inaweza kurudiwa baada ya saa 48. Bei yake ndiyo huwachelewesha wengi, wakaanza na oksitetrasaiklini iliyobaki nyumbani. Hiyo peke yake haitibu ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Povu likishatoka puani na ndama akihema kwa shida, hata dawa sahihi mara nyingi hushindwa.

Kuchoma tezi kwa chuma cha moto kunaongeza kidonda tu. Wala usimnyweshe kwa nguvu. Maziwa yataingia mapafuni. Mweke kivulini, mwekee maji safi, na umkamue mama yake maziwa yasijae kiweleni.

Ndama wa siku chache tu ni habari nyingine: angalia kitovu kama kimevimba, na uulize kama alipata dang'a ya kutosha siku ya kwanza.

Ng'ombe wakubwa wakienda josho, ndama hubaki nyumbani na watoto, na kupe wao hubaki nao. Waogesheni nao pia. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ambayo ndama huchanjwa mara moja tu. Hutunzwa kwenye mtungi wa baridi kali, na ikishafunguliwa lazima itumike siku ileile, ndiyo maana mtaalamu huhitaji ndama wengi pamoja. Hesabuni ndama wa kitongoji chenu, kisha mpelekeeni idadi afisa mifugo wa kata kabla ya mvua.